Kilo ni kilo, lakini kilo ya nini?

Wiki hii zamu ya kuandika iko kwetu, sisi vijana wa kujitolea tunaosaidia siku za kupima watoto na kina mama. Tumechagua kuongea juu ya kilo. Si kilo za unga, kilo za mwili.

Hapa kambini kilo ni habari. Mtu akirudi kutoka mjini baada ya miezi miwili, kabla hata hajaulizwa safari ilikuwaje, anaambiwa: "Eh, umenenepa! Maisha yamekupenda." Hiyo ni sifa. Mwingine anaambiwa: "Mbona umekonda hivyo, kuna nini?" Basi hapo anaanza kujieleza kama mtu aliyekamatwa na polisi. Tunaelewa hii tabia inatoka wapi. Wengi wetu tulitembea porini siku nyingi bila chakula, na njaa hatukuisoma kwenye kitabu. Tena wazee wanakumbuka miaka ya themanini kule Uganda, upande wa Rakai, watu walipouita ukimwi "slim" sababu ulikuwa unamkausha mtu mpaka mifupa ionekane. Mwaka 1985 madaktari waliandika jina hilo hilo kwenye jarida la Lancet. Tangu hapo, katika nchi zetu zote hizi, kukonda kumekuwa kama mashtaka.

Matokeo yake vijana wanaikimbilia mizani kutoka pande mbili. Kaka zetu wanapiga chuma: makopo mawili ya rangi yamejazwa saruji, bomba limepita katikati, na kazi inaanza. Wanataka mwili. Dada zetu, si wote lakini si wachache, wanataka kunenepa kabla ya harusi au kabla ya kupiga picha ya kutuma, na baadhi yao wananunua vidonge. Wote hao wanapanda mizani ile ile na kusubiri namba ipande. Ikipanda, furaha. Swali letu leo ni moja tu: namba ikipanda, ni kitu gani hasa kimeongezeka?

Mizani haina macho. Inapima vyote kwa pamoja: mifupa, damu, maji, misuli, mafuta, chakula kilichoko tumboni, mkojo ambao haujatoka, hata suruali na viatu. Halafu inakupa namba moja tu. Ni kama mtu abebe mfuko wako sokoni na kukuambia "una kilo nane", bila kuufungua aone kama ni maharage au ni mawe.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja anaweza kulijaribu nyumbani. Chukua chupa ya lita moja ya maji na chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia. Maji yatapima kilo moja. Mafuta yatapima gramu 920 hivi. Chupa ni sawa, uzito si sawa, na ndiyo maana mafuta yanaelea juu ya mchuzi. Mwilini iko vilevile. Lita moja ya mafuta ya mwili ina gramu kama 900. Lita moja ya misuli ina gramu kama 1,060. Misuli imeshikana zaidi, mafuta yamelegea zaidi.

Sasa tupige hesabu. Kilo tano za mafuta zinachukua nafasi ya lita 5.5 hivi. Kilo tano za misuli zinachukua lita 4.7. Tofauti ipo, ila haifiki hata lita moja. Kwa hiyo wale wanaoonyesha picha kwamba kilo ya mafuta ni kubwa mara tatu kuliko kilo ya misuli wametia chumvi. Kinachobadilisha sura ya mtu zaidi ni mahali vitu hivyo vinapokaa. Misuli inakaa kwenye mabega, mgongo, mapaja na makalio, imefungwa kwenye mifupa, inaupa mwili umbo la kusimama wima. Mafuta yanakaa chini ya ngozi, mashavuni, kiunoni, na mengine ndani kabisa ya tumbo kuzunguka utumbo na ini. Ndiyo sababu unaweza kuona vijana wawili, urefu sawa, kilo 68 kila mmoja, halafu mmoja shati linambana mabegani na mwingine linambana kwenye vifungo vya tumbo. Mizani itasema hao ni mapacha. Fundi cherehani atakataa.

Tena tusidharau mafuta. Kwa kijana mwanaume mwenye afya, misuli ni kama asilimia 40 ya uzito wake. Kwa mwanamke ni kama asilimia 30, na mafuta yake ni mengi zaidi kwa maumbile, sababu mwili wake unaweka akiba ya mimba na ya kunyonyesha. Msichana ambaye mafuta yake yanapungua sana anaweza hata kukosa siku zake za mwezi. Kwa hiyo hatusemi mafuta ni adui na misuli ni rafiki. Tunasema ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Kitu cha tatu ni maji. Misuli yenyewe ni maji kwa robo tatu. Mtu akila bukari jioni, sehemu ya wanga inahifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inayohifadhiwa inashika gramu kama tatu za maji. Ndiyo maana ndugu yetu akifunga siku tatu kwa maombi anashuka kilo mbili au tatu, na siku mbili baada ya kufungua zimerudi zote. Hazikuwa kilo za mafuta hizo. Nyingi zilikuwa maji, zilienda na kurudi. Ukipima asubuhi kabla ya kula na ukapima tena jioni, tofauti inaweza kufika kilo nzima au zaidi, na wala hujanenepa wala hujakonda.

Kwa watoto hili jambo si la mchezo. Kuna ugonjwa wa kwashiakoo, ule ambao watu wa Kivu wanauita bwaki. Mtoto anavimba miguu, mashavu yanajaa, na mama akitazama haraka anaweza kusema mtoto wangu amenenepa. Ukimweka kwenye mizani, namba inaweza isionyeshe shida yoyote, sababu maji ya uvimbe yana uzito. Kumbe ndani misuli inayeyuka. Ndiyo maana siku za kupima tunabonyeza miguu ya mtoto kwa dole gumba: shimo likibaki, ule ni uvimbe. Tena tunazungusha ule utepe wa rangi kwenye mkono wake wa juu. Mtoto wa miezi 6 mpaka 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki hata sentimita 11.5 yuko kwenye hatari kubwa, anahitaji matibabu ya haraka, pamoja na ile siagi ya karanga ya dawa ambayo Malawi wanaiita chiponde. Utepe hauhesabu kilo. Unatazama kama kwenye mkono mdogo kumebaki nyama na mafuta kiasi gani. Mama akituuliza kwa nini hatuamini mizani peke yake, tunamwambia: sababu maji pia yanapimika.

Sasa twende kwa watu wakubwa. Wengi mmeona ile chati ya kliniki: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita mara urefu tena. Chini ya 18.5 ni mkonde, kutoka 18.5 mpaka karibu 25 ni sawa, 25 kuendelea umezidi, 30 kuendelea ni unene wa kupindukia. Hesabu hiyo aliianzisha Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, na alikuwa anatafuta namna ya kueleza watu wengi kwa pamoja. Kwa kundi kubwa inafaa, na mashirika yanaitumia mpaka leo. Kwa mtu mmoja mmoja lazima ufungue macho.

Ushahidi tunao kutoka kwetu kabisa. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja wa 20 Mai, Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman raundi ya nane. Baba zetu wanaihadithia kama ilitokea jana. Siku zile Ali alikuwa na kilo kama 98, na urefu wake ni mita 1.91. Piga hesabu: inatoka karibu 27. Kwa chati ya kliniki, mtu aliyeshinda pambano lile alikuwa "amezidi uzito". Angekuja kwenye foleni yetu tungemwambia apunguze! Upande mwingine yuko Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Uzito wake unaoandikwa ni kilo 52 na urefu mita 1.67. Inatoka 18.6, yaani amebakiza kidogo tu aitwe mkonde. Angepita sokoni kwetu, mama mmoja angemwonea huruma na kumpa andazi. Wote wawili walikuwa na misuli inayofaa kazi yao. Chati haikuweza kuona kazi.

Tuje kwa wapiga chuma. Tunawasikia wengi wakisema: "Acha kwanza ninenepe, halafu nitageuza mafuta yawe misuli." Ndugu, hiyo haiko. Mafuta ni mafuta, misuli ni misuli, kama mahindi hayageuki maharage hata ukiyalima vizuri namna gani. Unachoweza kufanya ni kupunguza kimoja na kuongeza kingine. Tena huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi. Kijana anaweza kufanya mazoezi ya tumbo mia tatu kila asubuhi. Misuli ya tumbo itapata nguvu, ila mafuta yaliyo juu yake yataondoka kwa mpangilio wa mwili wenyewe.

Misuli inahitaji vitu vitatu: kazi nzito, chakula na usingizi. Ukianza chuma leo, wiki za kwanza utaona unanyanyua zaidi lakini kioo kinakuonyesha mtu yule yule. Usikate tamaa. Mwanzoni mishipa ya fahamu ndiyo inajifunza kuiamrisha misuli, na unene unakuja baadaye, polepole. Kilo moja ya misuli kwa mwezi kwa mtu anayeanza ni mavuno mazuri sana. Kwa hiyo mtu akikuahidi kilo sita za misuli kwa mwezi mmoja, muulize ni kilo za nini.

Chakula ndiyo shida yetu, tuseme ukweli. Shirika la Chakula Duniani linahesabu kwamba mtu anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku. Hapa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 au 12,000 na leo iko na zaidi ya 50,000, mgao umekatwa mara nyingi na kila mtu anajua mwisho wa mwezi unavyokuwa. Sasa elewa kitu kimoja: misuli inakula hata ikiwa imelala. Kilo moja ya misuli inatumia kilokalori kama 13 kwa siku bila kufanya lolote, na kilo ya mafuta inatumia kama 4 au 5. Mwili ukiona chakula hakitoshi unaanza kuuza mali. Unauza mafuta, lakini unauza na misuli pia, hasa ile isiyofanya kazi. Kwa hiyo kijana anayekula mara moja kwa siku, halafu anapiga chuma kila siku saa mbili, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kwake siku mbili au tatu za chuma kwa wiki zinatosha. Hata Shirika la Afya Duniani linasema angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu kwa wiki.

Na protini? Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.8 kwa kila kilo yake. Mwenye kilo 60 ni gramu 48 kwa siku. Mpiga chuma anafaidika na zaidi ya hapo. Gramu 100 za maharage makavu zina kama 22. Karanga gramu 100 zina kama 25, soya inapita 35, yai moja lina kama 6. Usipa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kwa hiyo kabla hujauza simu ununue kopo la unga wa protini pale Lilongwe, pita kwanza kwa mama anayeuza usipa na soya. Bukari na maharage, sombe na karanga: hivyo ni vyakula vya misuli, tunavidharau tu sababu havina picha ya mtu amekunja mkono.

Tena hebu tuwaangalie mama zetu. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20, kutoka bombani mpaka nyumbani, mara tatu kwa siku, na mtoto mgongoni. Hakuna anayewaita wapiga chuma. Lakini shika mkono wa mama anayelima na kuchota maji, utaelewa misuli ni nini.

Sasa tufike kwenye vidonge, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Dada mmoja wa kundi letu ametupa ruhusa tueleze yaliyomkuta bila kumtaja jina. Ana miaka 22. Kulikuwa na harusi ya binamu yake, na maneno ya "mbona umekauka" yalikuwa yamemchosha. Akanunua vidonge kwa mchuuzi mmoja sokoni Lilongwe, vimefungwa kwenye karatasi, hakuna jina wala maelezo. Wiki tano akapanda kilo sita. Mashavu yakajaa, watu wakamsifu, picha za harusi zikatoka vizuri. Halafu vitu vidogo vikaanza. Akichuchumaa chooni, kusimama ni shida. Akipanda kile kilima cha kutoka bombani, anapumzika mara mbili. Mama yake akaona.

"Mwanangu, mbona unashika ukuta ukiinuka?"

"Mama, ni uchovu tu."

"Uchovu gani? Umenenepa na nguvu zimekwisha? Hiyo hesabu inatoka wapi?"

Mama hakusoma sana, lakini swali lake ndilo swali la makala hii. Walikwenda kwa daktari. Muuguzi alimtazama uso, shingo na tumbo, akatazama mikono na mapaja, na kabla ya kitu kingine chochote akamuuliza kwa upole: "Dada, unakunywa vidonge gani?"

Mara nyingi vidonge hivyo ni vya aina mbili. Huko Kongo, hasa Kinshasa, vimetumiwa miaka mingi na wanaotafuta unene, na watafiti wameandika juu yake. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio, ambayo inaleta usingizi na njaa ya kula. Cha pili ndicho kinachotutisha zaidi: deksametazoni. Kwa mkono wa daktari ni dawa ya maana. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha inapunguza vifo vya wagonjwa wa Covid waliozidiwa sana. Lakini mtu mzima wa afya akiimeza kila siku bila sababu, inafanya hivi: inaongeza hamu ya kula, inaweza kushikilia maji mwilini, inahamisha mafuta kwenda usoni, shingoni na tumboni, na wakati huo huo inavunja misuli ya mapaja na mabega. Inaweza kupandisha sukari na presha, inapunguza nguvu ya mifupa, inafungulia mlango magonjwa ya kuambukiza.

Umeona sasa? Mizani inapanda. Watu wanapiga makofi. Na ndani, kile kitu cha kukuinua kutoka chini kinapungua. Dada yetu aliongeza kilo sita na wakati huo huo alikuwa anapoteza misuli. Mizani haikusema uongo hata siku moja, ila haikuulizwa swali sahihi.

Na hapa tunaomba msome polepole: kama umekunywa vidonge hivyo kwa wiki kadhaa, usiache ghafla peke yako. Mwili una dawa yake ya asili inayofanana na hiyo, unaitengeneza wenyewe, na ukizoea vidonge unaacha kuitengeneza. Ukikata ghafla unaweza kuzimia, presha ikashuka, hata ukafa. Nenda kliniki, sema ukweli, watakupunguzia kidogo kidogo. Dada yetu alipunguziwa hivyo. Kilo zilishuka, watu wakaanza tena kumuuliza kama anaumwa, na nguvu za miguu zilichukua miezi kurudi. Alituambia kitu kilichomuuma zaidi: alipokuwa mgonjwa walimsifu, alipoanza kupona wakamhurumia.

Kuna na kundi la tatu, wale ambao namba haibadiliki. Mzee anaweza kukaa na kilo 70 kwa miaka ishirini na kujivunia. Lakini baada ya miaka 30 au 40 mwili unaanza kupoteza misuli polepole, hasa kama mtu anakaa tu, na hapa kambini, ambako kazi ni ngumu kupata, wengi wanakaa tu. Misuli inatoka, mafuta yanaingia, namba ile ile. Siku moja anateleza kwenye matope na nyonga inavunjika. Na ninyi mlioko Marekani, Kanada na Australia, mnaotutumia picha: tunafurahi kuwaona mmejaa. Ila kitambi si hati ya mafanikio. Yale mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayoleta sukari na magonjwa ya moyo zaidi kuliko ya mapajani, na mtu anaweza kuwa mwembamba mikono na miguu huku tumbo limebeba hatari yote.

Basi tupime nini? Tunapendekeza vitu vitatu, vyote bure.

Cha kwanza ni kamba. Kata kamba yenye urefu wako kutoka kisigino mpaka utosi. Ikunje mara mbili. Zungusha tumboni juu kidogo ya kitovu, umepumua kawaida, usivute tumbo ndani kama unapigwa picha. Kamba ikikutana, vizuri. Isipokutana, mafuta ya tumbo yameanza kuzidi. Hii si ya watoto wadogo wala wajawazito.

Cha pili ni kiti. Kaa, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano bila kushika kitu. Kijana anayeshindwa hapo, hata akiwa na kilo 80, ana jambo la kuuliza kliniki.

Cha tatu ni mizani yenyewe, hatuitupi. Ila pima wakati mmoja kila mara, asubuhi, kabla ya kula, nguo nyepesi, mara moja kwa wiki inatosha. Na kama kilo zinashuka mwezi baada ya mwezi bila wewe kutaka, una kikohozi au homa ya usiku au kuhara, usingoje kamba wala kiti. Nenda ukapimwe.

Tumeongea sisi kwa sisi kabla ya kuandika, na tumekubaliana kubadilisha salamu. Tukikutana na mtu baada ya muda mrefu, hatutaanza na "umenenepa" wala "umekonda". Tutauliza: "Nguvu ziko?" Si lazima mtufuate, lakini jaribuni wiki moja muone kama watu hawatatoa jibu refu zaidi.

Na kama wewe au dada yako au rafiki yako ana vidonge vya karatasi nyumbani, tutafute siku ya kupima, au mvute mmoja wetu pembeni. Hatutauliza umevinunua kwa nani, wala hatutasema kwa wazazi. Tutakusindikiza mpaka kliniki, na foleni tutakaa nawe. Wiki ijayo zamu ni ya kundi la wasichana wa mpira. Wamesema wataandika juu ya kucheza siku za hedhi. Tuwasome.